Hivi Tissot aliyechora Yesu msalabani ndiye huyohuyo aliyechora wale wadada wa magauni ya London?

mwl_utoto

Habari za jioni wapendwa. Nina swali limenikaa kichwani tangu Ijumaa Kuu na kwenye magrupu yetu ya parokia hakuna wa kunijibu, naomba mnisaidie humu.

Mimi nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, na kila Kwaresima natafuta picha za kuwaonyesha maana mtoto ukimpa maneno matupu anasinzia. Mwaka huu mtu akanitumia picha moja WhatsApp, aisee ilinishika. Picha zote za msalaba nilizozoea sisi tunasimama chini tunamtazama Yesu juu. Hii imegeuzwa, yaani wewe unaangalia kwa macho yake mwenyewe akiwa juu pale, chini kabisa ya picha unaona ncha za miguu yake tu, Maria Magdalena kapiga magoti hapohapo miguuni na nywele zake ndefu, nyuma yake Mama Maria kashika kifua, Yohane, akina mama wengine, askari, wakubwa wengine wako juu ya farasi, na kule nyuma mlango wa pango la kaburi uko wazi. Nilikaa na simu mkononi nisijue niseme nini.

Nikatafuta mchoraji ni nani, nikaambiwa James Tissot, Mfaransa wa karne ya 19. Nikaandika jina lake ili nipate picha zingine za Yesu, zikaja wadada! Wadada wa kizungu wamevaa magauni ya marinda marinda, kofia, miamvuli, wako kwenye maboti, wako kwenye dansi, wanakunywa chai bustanini. Nikadhani ni watu wawili wa jina moja. Sasa nauliza kwa nia njema kabisa, ni mtu mmoja? Na kama ni mmoja nini kilimpata katikati, maana mtu hatoki kwenye dansi akaangukia Golgota hivihivi tu.

mpita_thames

Dada mwalimu ni yuleyule mmoja, hukukosea. Mimi niko London miaka mingi, makumbusho makubwa ya hapa mengi kuingia ni bure, na siku za mapumziko nikiwa sina pesa ya kwenda kokote huwa naenda Tate kuangalia picha, ndiko nilikokutana na huyu bwana. Nikuelezee ninavyomjua.

Kazaliwa Nantes, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, 15 Oktoba 1836. Jina la ubatizo Jacques Joseph, hilo la James kajipa mwenyewe bado kijana kabla hata hajahamia Uingereza. Na hapa shika jambo moja litakusaidia kuelewa mengine yote, baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na mama yake alikuwa kwenye biashara ya kofia za kike. Yaani mtoto kakua kati ya majora, riboni na manyoya ya kofia, na bandarini anaona meli kila siku. Ukiziangalia picha zake zote utakuta nguo na kamba za meli, hakosei hata fundo.

Akiwa na miaka kama 20 akaenda Paris kusoma uchoraji, huko akapatana na Degas, huyu wa wacheza baleti, na Mmarekani mmoja Whistler. 1859 picha zake zikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye Saluni, yale maonyesho makubwa ya serikali ambayo mchoraji asipokubaliwa hapo njaa inamhusu. Mwanzo alikuwa anachora mambo ya kale, enzi za kati, watu wa kwenye hadithi za Kijerumani, na serikali ikamnunulia moja. Halafu kama 1864 hivi akaachana na hayo akaanza kuchora watu wa wakati wake, hasa wenye nazo. Pesa ikaja.

Kuna picha yake ya 1868 ya wanaume 12 wa klabu moja ya mabwana wakubwa wa Paris, wako kwenye baraza la juu linalotazama uwanja wa Concorde. Kila mmoja alitoa faranga 1000 ili achorwe, halafu wakapiga kura nani aende nayo nyumbani, ikamwangukia baron mmoja, Hottinger. Ikakaa kwenye familia hiyo mpaka 2011 Makumbusho ya Orsay wakainunua kwa kama euro milioni 4. Yaani ilikuwa kama mchango wa kamati ya harusi halafu zawadi inapigiwa bahati nasibu.

1870 Wajerumani wakaizingira Paris, yeye akashika bunduki akapigana kuilinda. Mwaka uliofuata ikaja ile serikali ya wananchi wa Paris, wanaiita Komuni, ikavunjwa kwa damu nyingi sana, na baada ya hapo Tissot akakimbilia London. Akaanza upya. Kabla ya hapo alishakuwa anachorea vikatuni jarida la Vanity Fair la rafiki yake Thomas Bowles, kwa hiyo hakufika kama mgeni kabisa. Miaka michache tu akawa na jumba St John's Wood, bustani, bwawa na nguzo za mawe kuzunguka bwawa kama zile za bustani ya Monceau kule Paris. Hilo bwawa utaliona kwenye picha zake nyingi, ile ya watu wanaokula chini ya mti wa majani ya manjano ni nyumbani kwake.

Ya Golgota nitarudi kuyaeleza nikitoka kazini, hayaelezeki kwa haraka na kuna mwanamke ndani yake.

fundi_wa_magauni

Naomba niingie hapa maana hili jina nalijua kwa upande wangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona ya harusi na sendofu, na huyu Tissot nimemsave kwenye simu kuliko hata majarida ya fasheni. Sababu ni hii: wachoraji wengi gauni wanalipaka tu, ukiwaambia likate hivyo halikatiki. La Tissot linakatika. Naona mshono wa bega umepita wapi, naona marinda yamelala upande gani, naona pindo limeshikwa kwa ndani au limedariziwa kwa juu. Miaka ya 1870 nguo zilikuwa zinavimbishwa nyuma chini ya kiuno kwa kifremu cha ndani, basi yeye anakuonyesha hata kitambaa kinavyoanguka kutoka pale kwenye uvimbe kwenda chini.

Halafu jambo nililoligundua mwenyewe kabla sijasoma popote, MAGAUNI YANAJIRUDIA. Kuna moja jeupe la melimeli lina riboni za manjano, limetokea kwenye picha kadhaa za miaka ya 1876 mpaka 78, dada huyu kalivaa, picha nyingine kalivaa mwingine. Alikuwa na kabati lake studio, anamvalisha mtu anayemchora. Na kwenye ile ya dansi kwenye meli, mpita_thames atakuwa ameiona hapo Tate, kuna wadada wamevaa sare kabisa, gauni moja watu wawili, kama sisi tunavyovaa sare kwenye shughuli.

Na nyingine nzuri. 1866 alimchora bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Marquise de Miramon, kavaa joho la ndani la rangi ya waridi la mahameli, lina marinda chini mpaka unataka uliguse. Hiyo picha iko makumbusho ya Getty kule Marekani, na wale Getty wanacho pia KIPANDE cha kitambaa chenyewe, ukoo ulikuwa umekitunza. Fikiria, zaidi ya miaka 150, kipande cha mahameli kimekaa, unaweza kukilinganisha na rangi aliyoipaka. Mimi nina mfuko wa vipande vya kila gauni nililoshona, mke wangu kila siku ananiambia nitupe, nilivyosoma hiyo habari nimemwambia huu mfuko hautoki humu ndani.

kijana_wa_historia

Nawasalimu wote. Naheshimu mapenzi yenu ila mimi naomba niweke la upande wa pili, na naomba nieleweke sitaki kumvunja mwalimu moyo.

Hao aliowachora ni akina nani? Ni watu waliokula jasho la wengine. Chukua ile picha yake ya 1870 ya Kapteni Burnaby, askari mrefu kupindukia, kajilaza kwenye sofa, mguu mmoja juu ya mwingine, suruali ina mstari mwekundu mrefu, sigara mkononi, na nyuma yake ukutani kuna RAMANI YA DUNIA. Kijamaa kimetulia kama vile dunia nzima ni shamba lake. Mnajua aliishia wapi? Sudan. Januari 1885 kule Abu Klea, msafara wa Waingereza uko njiani kwenda kumwokoa jenerali wao Gordon aliyezingirwa Khartoum, wapiganaji wa Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan, wakaivunja safu yao na Burnaby akachomwa mkuki akafa hapohapo. Mimi nikiiona hiyo picha sioni suruali wala sofa, naona ramani na naona Abu Klea.

Na kwenye meli zake zile kuna manowari ya Uingereza, jina lake HMS Calcutta, yaani mji wa India, jina tu linakwambia utajiri ule umetoka wapi. Hata watu wa wakati ule hawakumpenda wote. Ruskin, mhakiki mkubwa wa sanaa wa Uingereza, 1877 alisema hizi si kitu ila fotografia zilizotiwa rangi, za jamii isiyo na staha. Na Degas 1874 alimwandikia akimsihi aje waonyeshe pamoja kwenye yale maonyesho yao ya kwanza ya kujitegemea Paris, haya tunayoyaita leo ya Impresheni, akakataa. Wenzake wanajenga kitu kipya na njaa zao, yeye kabaki London anauza picha za mabwanyenye. Kwangu mimi hiyo inasema mengi.

mpita_thames

Nimerudi. Kijana wa historia hoja yako ya Burnaby ni nzito na siipingi, ile picha nimeiona National Portrait Gallery, ni ndogo kuliko unavyofikiri, na kweli ile ramani sasa sitaiangalia tena bila kukumbuka mkuki. Lakini kwamba alikuwa anawasifu tu matajiri, hapo nakataa.

Tafuta picha yake ya 1873, jina lake ni kama kusema "Wamewahi Mno". Wageni wamefika kwenye dansi kabla ya wakati. Ukumbi mtupu, wamesimama katikati hawajui mikono waiweke wapi, mwenye nyumba bado anawaelekeza wapiga muziki, na pembeni mlangoni wajakazi wawili wanachungulia wanacheka. Nani hajapitia hiyo, kadi imeandikwa saa 12 ukaenda saa 12? Huyo mchoraji alikuwa mgeni katika nchi ya watu, ni mhamiaji, anawaona wenyeji wanavyojikaza kujionyesha, na anakuchorea ile aibu yenyewe pamoja na lesi zake. Mimi kama mhamiaji naielewa hiyo nafasi, unaalikwa, unakula, ila macho yako yako kwa wale wanaochungulia mlangoni. Ruskin aliona nguo tu.

Sasa ya mwanamke. Kathleen Newton. Mwenye asili ya Ireland, Mkatoliki, kazaliwa 1854 akiitwa Kathleen Kelly. Akiwa na miaka 16 walimpeleka India kuolewa na daktari wa serikali ya huko, jina Isaac Newton, si yule mwanasayansi. Kwenye meli kuna afisa mmoja akamwandama. Binti kafunga ndoa halafu kwa uaminifu wake akamweleza mumewe yaliyotokea, mume akaomba talaka. Karudi Uingereza na ujauzito, kajifungua mtoto wa kike mwaka huohuo 1871, jina limeshaharibika. 1876 akapata mtoto wa pili wa kiume, wengi wanaamini baba yake ni Tissot, na mwaka huo akahamia kwa Tissot pale St John's Wood.

Hawakufunga ndoa, kwa Wakatoliki wa wakati ule mwanamke aliyeachika na mumewe yuko hai ndoa ya pili haipo. London ya Malkia Victoria hiyo ilikuwa doa kubwa. Mabibi waliokuwa wakimpokea Tissot majumbani mwao hawawezi kuja kwake tena, wanakuja marafiki wa kiume tu. Angeweza kumficha nyumba ya pembeni kama walivyofanya wengine, wala asingeulizwa na mtu. Yeye akakaa naye nyumba moja. Na kuanzia hapo angalia picha, mwanamke anayerudi kila mara ni yeye. Kathleen kwenye boti, Kathleen chini ya mti wa mchestinati kavaa nyeusi anageuka kukutazama, Kathleen na watoto kwenye nyasi. Wachunguzi walimwita Mwanamke wa Siri kwa miaka mingi maana hakuna aliyejua jina. Ilikuwa 1946 ndipo mama mmoja mzee alijitokeza akasema huyo ni mama yangu mdogo, na mimi ndiye yule mtoto kwenye picha.

Akafa 9 Novemba 1882 kwa kifua kikuu, ana miaka 28. Wiki haikuisha Tissot kafunga nyumba kaondoka London, kaacha rangi na brashi studio. Nyumba ikaja kununuliwa na mchoraji mwingine, Alma-Tadema.

nesi_wa_kifua

Jamani nimesoma hapo kwenye kifua kikuu nimesimama. Mimi ni nesi, nafanya kazi kliniki ya TB mwaka wa tisa huu, na kila tarehe 24 Machi tunaadhimisha siku ya kifua kikuu duniani. Mnajua kwa nini ni tarehe hiyo? Ni kwa sababu 24 Machi 1882 Robert Koch alisimama Berlin akatangaza kwamba amempata mdudu anayesababisha huu ugonjwa. 1882!! Huyu dada kafa Novemba ya mwaka huohuo. Mdudu kashajulikana, hakuna cha kumfanya. Dawa ya kwanza ya kumuua, streptomaisini, imepatikana miaka ya 1940. Miaka sitini baadaye.

Nimetafuta hizo picha zake za mwisho. Kuna ambayo kalala kwenye kiti cha kusukwa, mito mgongoni, shali mpaka shingoni, na ni wakati wa joto. Wengine mtaona dada anapumzika. Mimi naona mgonjwa asiyeweza kulala chali kwa sababu ya kukohoa, naona macho yameingia ndani, mashavu yana ule wekundu wa homa ya jioni. Kayachora vilevile. Huwezi kuchora hivyo mpaka uwe umekaa na mgonjwa usiku. Kijana wa historia, labda ni bwanyenye, lakini alikaa na mgonjwa wa TB ndani ya nyumba wakati watu walikuwa hawaji, na sisi tunaohudumia wagonjwa hawa tunajua hata leo ni wangapi wanakimbiwa na ndugu zao.

mwl_utoto

Nesi umeniliza. Naomba mpita_thames endelea, Yesu aliingia wapi? Maana naona mpaka hapo bado ni wadada na bustani.

mpita_thames

Alivyorudi Paris alitaka kurudi mjini kwa kishindo. Kachora picha 15 kubwa za wanawake wa Paris, kila mmoja na maisha yake, akazionyesha 1885. Humo kuna moja naipenda kuliko zote, ya muuza duka. Wewe ndiye mteja, umeshanunua, dada kavaa nyeusi kakushikia mlango utoke na mzigo wako mkononi mwake, kwenye kaunta riboni zimemwagika, na dirishani mwanaume wa nje anamkodolea macho dada mwingine wa duka. Kwa mtoto wa muuza vitambaa ile ni picha ya nyumbani.

Mfululizo ule ulitakiwa uwe na picha ya mwimbaji kanisani. Akaenda kanisa la Saint-Sulpice kuangalia mazingira, yaani kikazi tu, na wakati padri anainua Hostia, ule mkate wa komunyo, akaona maono. Aliona gofu la nyumba iliyobomoka, mwanaume na mwanamke maskini wamekaa kwenye vifusi wamechoka, na Kristo mwenyewe majeraha yanatoka damu kaja kukaa karibu nao kuwafariji. Alirudi nyumbani akaugua homa, na alipopona akaichora hiyo kama alivyoiona.

Ila nisikufiche mwalimu, maana ulisema mtu hatoki kwenye dansi akaangukia Golgota hivihivi. Mwaka huohuo 1885 alikuwa pia anahudhuria vikao vya wale wanaodai kuita roho za wafu, siku hizo ilikuwa imeenea sana Ulaya kwa wasomi na matajiri. Kwenye kikao kimoja London aliamini kamwona Kathleen, na akachora hiyo nayo, sura mbili zimefunikwa shuka jeupe na mwanga unatoka mikononi. Mimi naamini ni mtu mmoja anayebisha hodi kila mlango kutafuta aliyempoteza. Mlango wa kanisa ndio uliofunguka ukabaki wazi.

15 Oktoba 1886, siku anatimiza miaka 50, akaondoka kwenda Palestina. Akarudi tena 1889, na safari nyingine 1896. Anachora mawe, milango, punda, nyuso za watu, vilemba, anapiga na picha. Kutokana na hayo akachora maisha yote ya Yesu, picha 365, kwa rangi za maji nzito. 1894 akaonyesha 270 za kwanza Paris, na inasimuliwa wanawake wengine walikuwa wakizipitia kwa magoti kama wako kwenye njia ya msalaba. Zikachapwa kitabu, zikaenda London, zikaenda Marekani mji kwa mji, na 1900 Makumbusho ya Brooklyn wakanunua 350 kwa dola 60,000, sehemu kubwa ikiwa michango ya wananchi. Ile ya kwako ya kutazama kutoka msalabani iko huko. Ni ndogo, haizidi sana karatasi ya daftari, upande mmoja kama sentimita 25.

kijana_wa_historia

Nesi na mpita_thames nimewasoma na nimerudi kuangalia zile picha moja moja. Nakubali ile ya wageni waliowahi, hapo macho yake yalikuwa makali. Na habari ya kukaa na mgonjwa, kwa hilo namheshimu.

La Palestina hata hivyo nina neno. Alidhani akiwaona watu wa Yerusalemu ya 1886 amewaona watu wa wakati wa Yesu, kama vile watu wale hawakubadilika miaka 1850. Wale walikuwa raia wa dola ya Waturuki, wana maisha yao, biashara zao, mitindo yao ya mwaka ule. Ni kama mzungu aje leo Bagamoyo amchore mvuvi halafu aseme hivi ndivyo walivyokuwa watu wa enzi za Kilwa. Wazungu wengi wa wakati ule walikuwa na fikra hiyo na Tissot alikuwa nayo. Mwalimu ukiwaonyesha watoto, hilo nalo waambie.

fundi_wa_magauni

Kijana hapo uko sahihi, mimi nimeangalia majoho kwenye picha za Yesu, yale ni ya kushonwa karne ya 19 kabisa, mistari ile na mikato ile ni ya wakati wake. Lakini angalia jicho ni lilelile. Vile alivyokuwa anafuata riboni kwenye gauni la melimeli ndivyo anavyofuata shuka lililolowa jasho kwa askari. Hakubadilisha jicho, alibadilisha anayemtazama.

Ongezeni na hili, kuna picha yake ya wadada wanaopandisha bendera, iko New Zealand, Auckland. 1998 jambazi kaingia makumbusho na bunduki akaing'oa kwenye fremu, ikachanika vibaya mno, ikapatikana na mafundi wakakaa nayo miaka wakiunga uzi kwa uzi. Sisi mafundi tunajua kuunga kitambaa kilichochanika kuliko kushona kipya, nilisoma ile habari kwa heshima kubwa kwa hao waliorekebisha.

mpita_thames

Nimalizie tu alipoishia. Miaka ya mwisho alikuwa kwenye jumba alilorithi kwa baba yake, Buillon, mashariki mwa Ufaransa karibu na Besançon, mahali palipokuwa zamani monasteri. Akaanza Agano la Kale, manabii, Safina, Musa. Hakumaliza. Kafa hapo 8 Agosti 1902, ana miaka 65. Degas walishakosana, Tissot aliuza picha ambazo Degas alimpa zawadi, na Degas hakusamehe. Hilo nalo ni lake, siwezi kumtetea.

Mwalimu, picha za Brooklyn ni za zamani hazina tena haki miliki, makumbusho wenyewe wameziweka mtandaoni, unaweza kupakua na kuprinti bila wasiwasi.

mwl_utoto

Wapendwa Mungu awabariki sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Jumapili nilibeba picha nne nimeziprinti kwa rangi, stationari wakanipunguzia bei. Niliwaeleza watoto kwamba aliyechora alikuwa mchoraji wa nguo nzuri, akafiwa na mtu aliyempenda, akaenda mpaka nchi ya Yesu. Na la kijana wa historia nililisema, kwamba nguo hizi ni za watu aliowakuta yeye, za Yesu hatujaziona.

Ile ya msalabani niliiweka mwisho. Kaka mmoja wa darasa la tatu akauliza mbona Yesu hayupo. Kabla sijajibu, binti aliyekaa mbele, mama yake yuko wodini mwezi wa pili huu, akaja akaweka kidole pale chini kwenye ile miguu akasema yupo, hapa ndo anatuangalia.

Nikawaacha waiangalie.